Kupima aldosteroni na renini: kazi inaanza kabla ya sindano

Mgonjwa anameza dawa tatu za presha, dozi kamili, na presha haishuki. Kabla ya kumwongezea ya nne, pima homoni mbili: aldosteroni na renini. Aldosteroni hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Renini hutoka kwenye figo zenyewe na ndiyo huamsha aldosteroni; katika ugonjwa huu aldosteroni hupanda yenyewe, na renini hushuka. Ikizidi, mwili unashikilia chumvi na ateri zenyewe zinakakamaa. Kiharusi humpata mtu huyu kwa urahisi zaidi kuliko mwenye presha iliyo sawa na yake lakini asiye na ugonjwa huu. Jerome Conn aliueleza ugonjwa huu huko Marekani mwaka 1955, na bado wengi hawapimwi.

1. Kagua dawa. Spironolaktoni, dawa inayozuia kazi ya aldosteroni, kwa kawaida husimamishwa wiki 4 kabla, kwa idhini ya daktari, si mgonjwa kujiamulia. Kati ya dawa nyingine za presha, atenololi hushusha renini, hivyo inaweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo. Losartani na enalaprili huipandisha na kuuficha. Mgonjwa akiwa kwenye losartani na renini bado iko chini kabisa, mimi nashtuka. Amlodipini haisumbui sana.

2. Pima potasiamu. Ikiwa chini irekebishwe kwanza, maana hukandamiza aldosteroni. Chumvi asiipunguze kwa sasa, hata kama kliniki tunaimba wimbo huo kila siku.

3. Mpokee asubuhi, akiwa ameamka na kutembeatembea angalau saa 2. Aketi dakika 5 hadi 15.

4. Choma. Usimwambie akunje na kukunjua ngumi: potasiamu itapanda kwa uongo. Sindano ikishaingia, legeza kamba uliyofunga mkononi, subiri sekunde chache, kisha vuta damu taratibu.

5. Weka damu ya renini kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, na uiache kwenye joto la chumba. Hapa ndipo sampuli nyingi huharibikia, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba barafu haidhuru kitu. Inadhuru. Baridi hugeuza prorenini, yaani renini ambayo bado haijaamka, kuwa renini, namba inapanda, na mgonjwa anarudishwa nyumbani akiambiwa yuko salama. Zungusha damu kwenye sentrifuji, tenga plazma (majimaji ya damu), na hiyo plazma ndiyo uigandishe haraka kama inasafirishwa. Kwenye fomu andika saa, mkao na dawa anazotumia.

6. Gawanya aldosteroni (ng/dL) kwa utendaji wa renini (ng/mL kwa saa). Ikizidi 30, na aldosteroni yenyewe iko 15 au zaidi, shuku na umpeleke kwa bingwa. Maabara yako ikitumia vizio vingine, fuata viwango vyao.

7. Majibu yakisubiriwa, angalia ateri. Kwa Dopla, kifaa kinachosikiliza mtiririko wa damu, pima presha kwenye kifundo cha mguu (namba ya juu), gawanya kwa ya mkono. Chini ya 0.90, ateri ya mguu imeziba kiasi, hata kama halalamiki maumivu. Ikizidi 1.40 usifurahi, hasa kwa mwenye kisukari: ateri imekuwa ngumu kiasi kwamba mkanda hauibani. Huyo mpime kwenye kidole gumba cha mguu.