Mbolea "Ikiunguza" Mche, Chungulia Seli za Mzizi

Umeweka mbolea ya kukuzia jioni. Kesho kutwa unakuta kingo za majani zimekauka na kuwa kahawia, kana kwamba moto umepita. Tumezoea kusema mbolea imeunguza. Ukweli ni kwamba mche umekufa kiu, tena pengine udongo bado una unyevu.

Jaribu hili nyumbani. Kata vipande viwili vyembamba vya kiazi mviringo kibichi. Kimoja kitie kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye vijiko viwili vya chumvi, kisha subiri saa chache. Cha maji matupu kitakuwa kigumu, ukikikunja kinavunjika. Cha chumvi kitalegea kama kitambaa. Maji yametoka ndani ya seli zake na kufuata chumvi nje.

Mzizi nao hunywa kwa njia hiyo. Ncha zake zina vinyweleo, na kila kinyweleo ni sehemu ya seli moja iliyorefuka kuingia kwenye udongo. Ndani ya seli mna utomvu wenye sukari na chumvichumvi. Utando unaoizunguka hupitisha maji kwa urahisi lakini huzibana chumvi, na maji huelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Hiyo ndiyo osmosisi. Kwa kawaida utomvu huwa mzito kuliko maji ya udongo, kwa hiyo maji huingia, seli inajaa na kuusukuma ukuta wake wa selulosi, na jani linasimama. Ukirundika mbolea kwenye shina, maji ya udongo yanakuwa mazito kuliko utomvu. Safari inageuka.

Urea ina hatari ya ziada. Asilimia 46 yake ni nitrojeni, na vimeng'enya vya udongoni, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, huigeuza urea kuwa amonia, ambayo hupenya utando na kuiua seli changa. Nakusihi usiiweke shimo moja na mbegu.

Simaanishi uiogope mbolea. Kila molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, ina atomi nne za nitrojeni zilizoizunguka magnesi moja, hivyo nitrojeni ikikosekana jani halina kijani. Cha kuangalia ni mahali na kiasi. Kwa mche mdogo, weka sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, ifukie, na udongo uwe umelowa. Kiasi kikubwa kigawe mara mbili. Samadi mbichi nayo ina chumvi na amonia, iache iive kwanza.

Ikiwa umeshachelewa, ondoa punje zinazoonekana, kisha mwagilia maji mengi polepole ili chumvi zishuke chini ya mizizi, mradi udongo hautuamishi maji. Majani yaliyokauka hayatarudi. Tazama chipukizi la katikati: likitoa jani jipya lisilo na kovu, vinyweleo vipya vimeshaanza kunywa.