Kabla ya kuingiza BepInEx kwenye mradi wako

BepInEx ni programu inayopakia modi, yaani nyongeza za kubadilisha mchezo wa kompyuta, kwenye michezo ya Unity. Kijana mmoja wa hapa Kondele aliniletea laptopu yake baada ya kuhangaika siku tatu na modi aliyoiandika. Msimbo wake ulikuwa safi, lakini mchezo ukifunguka, modi haionekani. Nikafungua folda ya mchezo, nikaona GameAssembly.dll, nikajua shida iko wapi.

Anza hapo, kabla hujaandika hata mstari mmoja. Michezo ya Unity, injini ya kutengenezea michezo, hujengwa kwa njia mbili: Mono, inayoendesha msimbo wa C# kama ulivyo, na IL2CPP, inayougeuza kwanza kuwa C++. Ukikuta folda ya Managed yenye Assembly-CSharp.dll, mchezo ni wa Mono na BepInEx 5 itakufaa. Ukikuta GameAssembly.dll kando ya faili la kuanzishia mchezo, huo ni wa IL2CPP. BepInEx 5 haiuwezi, unahitaji ya 6. Mradi wa modi yako pia hubadilika, kwa toleo la .NET unalolenga: wa Mono kwa kawaida hulenga netstandard2.0, au net35 kwa michezo mikongwe, na wa IL2CPP net6.0. Yule kijana alikuwa amefuata maelekezo ya Mono mwanzo hadi mwisho.

Kisha fikiria bando na stima. Kwenye IL2CPP, BepInEx 6 ikiwaka mara ya kwanza hupakua maktaba za Unity mtandaoni, halafu huzalisha faili za kuunganisha modi na mchezo. Huchukua muda, na mchezo huonekana kama umeganda. Usiufunge. Fanya pia dotnet restore, amri ya kupakua maktaba ambazo mradi unazihitaji, ungali na wifi nzuri, vifurushi hivyo vya NuGet vibaki kwenye mashine, ili stima ikipotea uendelee na betri.

Nakili folda nzima ya mchezo uiweke kando. Steam ikisasisha mchezo, funksheni uliyoitilia kiraka kwa Harmony, maktaba ya kubadilisha funksheni za mchezo, inaweza kubadilishwa jina, na modi ikafa.

Linaloniuma zaidi ni kuona Assembly-CSharp.dll imepakiwa GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kugawana msimbo. Hilo ni jasho la waliotengeneza mchezo, si letu kugawa. Liandike faili hilo kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo git haitayachukua, siku ya kwanza. Likishaingia, kulifuta baadaye hakuliondoi kwenye historia ya git. Na michezo ya mtandaoni yenye kinga ya udanganyifu, iache, unaweza kufungiwa akaunti.

Sasa anzisha mchezo na BepInEx peke yake, bila modi yoyote, ufungue BepInEx/LogOutput.log. Tulisubiri pamoja na yule kijana, macho kwenye faili hilo, mpaka ukatokea mstari wa Chainloader startup complete, ishara kwamba BepInEx imewaka sawasawa. Hapo ndipo nilipomwambia aurudishe msimbo wake.