Mti Uani Usiangushwe Kabla ya Kuamua Habari ya Kisiki

Wengi hukumbuka kisiki mti ukiwa umeshalala. Fundi amelipwa, magogo yameondoka na kirikuu, na uani kumebaki kisiki cha mwembe kilichokatwa karibu na ardhi, mahali palepale mwenye nyumba anapotaka kujenga banda. Kukitoa sasa ni kazi nzito kuliko ile ya kuangusha mti, maana hakina tena pa kushika. Kwa hiyo kabla ya kuulizana bei, amua: kisiki kibaki au kitoke?

Kama kitatoka, shina liachwe refu, usawa wa kiuno au kifua. Urefu huo ndio nguvu yako. Fukua pande zote, kata mizizi ya pembeni, kisha funga mnyororo juu ya shina na uvute kwa winchi ya mkono. Kisiki kitainama chenyewe. Mizizi ikatwe kwa shoka la zamani. Shoka zuri hufa makali kwenye mchanga, na chenso (msumeno wa injini) ikigusa udongo mara moja tu, mnyororo wake unakuwa butu.

Kabla ya jembe kushuka, jua kilichopo chini: bomba la maji, chemba, shimo la choo, msingi wa nyumba. Muulize aliyejenga, au fundi bomba wa mtaani. Mizizi ikiwa imepita chini ya msingi, ikatwe nje ya ukuta na kuachwa humo humo. Ukiing'oa kwa nguvu utaondoka na udongo uliobeba nyumba.

Aina ya mti nayo ina maneno yake. Mnazi hauna mzizi mkuu, una kifurushi cha mizizi myembamba, na ukikatwa hauchipui tena. Ukiwa huna haraka, uache uoze. Mkaratusi na mwarobaini huchipua upya kisikini, kwa hiyo kukata tu hakumalizi kazi. Kuchoma kisiki ni njia inayopendwa sana, nami naiogopa karibu na nyumba: moto huingia mizizini na kufuka chini kwa siku kadhaa, ukaja kutokea usipoutarajia. Penye makuti, usiifikirie kabisa.

Sasa tazama juu. Kama tawi lolote linaweza kugusa waya, TANESCO wakate umeme kwanza. Uzoefu wa fundi hauzuii umeme, hata awe amekata miti miaka mingapi. Gonga shina usikilize: likiita kama debe tupu, lina uwazi, na mti wenye uwazi huenda usianguke unakoelekezwa. Kwenye uwazi huo hukaa nyuki pia, na mlio wa chenso huwachokoza. Tafuta mrina asali kwanza. Pwani, kusi likivuma, anzeni asubuhi mapema upepo ukiwa bado umetulia.

Nafasi ya kuangukia ikiwa fupi kuliko mti, ushushwe kipande kwa kipande kutoka juu, kila tawi na kamba yake. Nafasi ikitosha, fundi hukata na kutoa kipande chenye umbo la kabari upande wa kuangukia, kina kama robo ya unene wa shina, kisha hukata upande wa nyuma, juu kidogo ya usawa wa pembe ya pengo hilo, bila kumaliza. Katikati hubaki ukanda kama sehemu ya kumi ya unene, nao ndio unaouongoza mti ukishuka. Anayeumaliza ukanda huo kwa haraka hana tena usemi juu ya mti. Njia ya kukimbilia isafishwe mapema, nyuma kwa mshazari. Wengine wote, watoto hasa, wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti.

Pitia serikali ya mtaa kabla ya siku ya kazi. Mvule, mninga na mpingo vina ulinzi wa kisheria hata vikiwa uani kwako, na mbao au magogo yakisafirishwa yanahitaji hati ya TFS, wakala wa misitu wa serikali.

Mwisho ni mapatano. Kuangusha, kupasua, kubeba matawi, kutoa kisiki na kufukia shimo ni kazi tano, na mafundi wengi huhesabu ya kwanza tu. Shimo lifukiwe kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe, la sivyo patatitia mvua za masika zikianza. Na bati la jirani likitobolewa, nani atalipa? Hilo liandikwe kabla chenso haijawashwa.