Somo: Mimea ya shina inavyokuwa myekundu kwenye tangi la samaki (na sio kwa kumwaga mbolea ya chuma)

Wakuu salama. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita swali lilelile kuhusu Rotala, mmea wa shina wa majini, "Rotala yangu imegeuka kijani, niongeze chuma kiasi gani?" Nimeona niandike mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Chuma hakipaki rangi. Mmea ukikosa chuma majani machanga yanapauka huku mishipa imebaki kijani, hapo ndo chuma kinasaidia, basi. Wekundu unaletwa na mwanga mkali, gesi ya CO2 (kabonidioksidi) ya kutosha isiyopanda na kushuka, na kwa baadhi ya mimea naitreti (chakula cha naitrojeni kilicho kwenye maji) iwe chini kidogo. Tangi langu ni la lita 60, niko Dar, maji yanacheza nyuzi 28, kwa hiyo naongelea hali yetu sio ya kwenye picha za Ulaya.

Hatua ya 1. Anza na Ludwigia repens au Rotala rotundifolia. Rotala macrandra iache kwanza, inataka kila kitu kiwe sawa kwa pamoja.

Hatua ya 2. Changarawe ya mm 2 hadi 3, kina cha sm 5 na kuendelea. Idondoshee siki, ikitoa povu ina chokaa, tafuta nyingine.

Hatua ya 3. Panda shina mojamoja, toa majani ya chini, usifunge fungu kama mchicha wa sokoni. Majani yaliyootea nje ya maji yataoza wiki za mwanzo, angalia machipukizi mapya ndo yenye habari.

Hatua ya 4. Taa na gesi. Hapa someni polepole maana hapa ndo niliharibu. Nilinunua taa kali ya LED nikaiwasha saa 12 kwa siku, gesi sina, nikijua mwanga ndo kila kitu. Wiki ya tatu mwani wa nyuzi umeifunga Rotala mpaka shina halionekani. Nikapaniki, jioni moja nikaunganisha chupa mbili za hamira na sukari za kutengeneza CO2 kwa mpigo nikaenda kulala. Asubuhi nakuta samaki wangu, gapi, wote wako juu, midomo nje ya maji, mashavu yanapwita harakaharaka, na wanne chini wameshakufa. Usiku mmea hautumii CO2, na wenyewe unavuta oksijeni, kwa hiyo gesi inajaa na hewa inapungua wakati huohuo. Wale gapi niliwafuga tangu wakiwa vitoto, iliniuma sana na sitaki mwingine apitie hiyo.

Kwa hiyo gesi inatangulia, mwanga unafuata. Chupa ya lita 2, sukari vikombe 2, hamira robo kijiko cha chai, maji ya uvuguvugu mpaka mabegani mwa chupa. Inatoa gesi kama wiki mbili, joto likizidi inaisha mapema. Mpira wa dripu wa duka la dawa unafaa kabisa, ILA kile kigurudumu cha kubania king'oe, ukikifunga chupa inapasuka. Katikati weka chupa ndogo ya kudaka povu la hamira lisiingie kwenye tangi. Nunua kile kichupa cha kioo cha kupimia CO2 chenye maji ya rangi: bluu gesi ni kidogo, kijani uko kama 30 ppm (sehemu kwa milioni) pazuri, njano samaki wako hatarini. Kila usiku washa pampu ya hewa, kila usiku. Taa anza saa 6 kwa siku, ongeza nusu saa kila wiki mpaka 8, weka taima.

Hatua ya 5. Chakula. Potasiamu naitreti wanayotumia watu wa greenhouse, gramu 1 kwenye lita 100 inapandisha naitreti kama 6 ppm. Rotala ikae kwenye 5 hadi 10, ndo inawaka. Usiipeleke sifuri, ncha zitadumaa. Mbolea za shambani za yurea na DAP usiingize kabisa, zinaleta amonia.

Hatua ya 6. Ikifika juu kata ncha, zipande upya, mashina ya chini yaliyochoka ng'oa.

Hatua ya 7. Badilisha maji nusu kila wiki, yakiwa ya bomba toa klorini kwanza.

MASWALI

Gapi_Tanga: Mkuu ni ndefu sana, kwa kifupi chuma niweke ngapi?
Jibu: Iko aya ya pili.

Gapi_Tanga: Si useme tu namba, kwani shida iko wapi
Jibu: Shida ni kwamba sijui taa yako, sijui gesi yako, nikikupa namba utamwaga afu utarudi na mwani. Soma, piga picha ya majani machanga, tuma, nitakusaidia.

Kijana wa Nakuru: Hujambo kaka. Nimebana naitreti kama ulivyosema, Rotala imeiva vizuri sana lakini Alternanthera inadumaa na majani ya chini yanakuwa ya njano. Ni kwa nini?
Jibu: Swali zuri sana hili kaka. Alternanthera reineckii ni ukoo mmoja na mchicha, wekundu wake ni rangi za betalaini, jamii ya ile ya mchicha mwekundu na biturutu, wakati Rotala inatumia anthosiani. Anthosiani inaongezeka naitrojeni ikipungua, ndo maana Rotala ilikujibu. Alternanthera ukiinyima chakula unaidhoofisha tu, majani ya chini kuwa ya njano ni njaa ya naitrojeni. Kama zimo tangi moja pandisha naitreti hadi kama 10 ppm na utegemee mwanga. Nisamehe, hilo nilitakiwa kuliweka kwenye hatua ya 5.

MamaTangi: Mimi samaki wangu asubuhi wanahema juu, nibadilishe chakula?
Jibu: Dada hatua ya 4. Pampu ya hewa washa sasa hivi, gesi toa, mengine baadaye.

MamaTangi: Ahsante wametulia. Je umeme ukikatika?
Jibu: Hapo ndo hamira ina ubaya wake, taa imezima ila gesi inaendelea. Chomoa mpira nje ya maji mpaka umeme urudi. Ukiwa na pampu ya betri ni bora zaidi.

Mdau wa Mwanza: Kuna yoyote myekundu ya kwetu, au zote za kuagiza?
Jibu: Ipo mkuu! Ammannia pedicellata, zamani ikiitwa Nesaea, asili yake ni Tanzania na Msumbiji. Shina ni jekundu hasa, majani kijani kuelekea chungwa. Watu wanaiuza Ulaya na sisi wenyewe hatuijui, mimi bado naitafuta. Na wewe wa ziwani nakuomba, vipande ukikata anika juani vikauke kabisa ndo utupe, visifike kwenye mfereji. Gugumaji nalo lilikuwa ua la mapambo kutoka Amerika Kusini, na ziwa mnaliona.

Kijana wa Nakuru: Side tip kwa watu wa Dar, feni ndogo ipulize juu ya maji inashusha nyuzi 2 au 3.
Jibu: Kweli kabisa, na maji yakipoa yanashika CO2 vizuri zaidi. Maji yatapungua kwa mvuke, jazia kila asubuhi, na funika tangi upande mmoja, gapi wanaruka.