Kujengea chemchemi bila kuipoteza

Chemchemi iliyojengewa vibaya haikauki, inahama. Fundi anaweka bomba juu ili dumu likae vizuri, maji yanajaa nyuma ya ukuta hadi kupita jicho, yaani pale yanapotokea ardhini, yanalemewa, halafu yanatafuta upenyo mwingine ardhini. Kwa hiyo kabla ya kununua saruji, shika hili: bomba liwe chini ya jicho la chemchemi, walau sentimita 10.

Pima maji mwishoni mwa kiangazi, si masika. Kinga mkondo kwenye ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 80, una lita 900 kwa saa, yaani madumu 45. Ikichukua dakika 5 unapata madumu 12 tu, na foleni itakushinda. Hapo fikiria tangi la kukusanya maji ya usiku.

Kisha panda mlimani uangalie. Choo cha shimo au zizi lililo juu ya chemchemi, ndani ya mita 30, lihamishwe kwanza. Ukuta hausafishi maji.

Kuchimba, anzia chini ukifuata maji kuingia mteremkoni, hadi uyaone yakitoka kwenye changarawe ngumu au ufa wa mwamba. Sakafu usiiguse. Ule udongo mgumu wa chini ndio unaoyabeba maji, ukiutoboa, yanazama. Muda wote wa kazi acha njia ya maji kupita.

Msingi wa ukuta uingie kwenye udongo huo mgumu, na ncha zake zizame kwenye kingo pande zote mbili. Jengea kwa saruji 1 na mchanga 3, umwagilie siku 7. Mdomo wa ndani wa bomba ufungwe chujio, na chini ya bomba ibaki nafasi ya sentimita 50 ya kuweka dumu. Mteremko ukiwa mdogo, usipandishe bomba: shusha sakafu ya kutekea, jenga ngazi, na uchimbe mfereji wa kutoa maji yanayomwagika. Ni jasho zaidi, lakini chemchemi inabaki.

Nyuma ya ukuta panga mawe makubwa yaliyooshwa, juu yake kokoto, kisha karatasi ya nailoni. Funika kwa sentimita 15 hadi 20 za udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa miguu mpaka ushikane, halafu udongo wa kawaida na nyasi. Miti usipande hapo, mizizi itapasua ukuta. Mita 8 hivi juu ya chemchemi chimba mfereji wa kupinda, wa kutupa maji ya mvua pembeni, na eneo lote uliwekee uzio. Ng'ombe mmoja anatosha kuharibu ile nyasi.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza, kinga maji kwenye glasi. Yakiwa na tope, maji ya juu yameingia: kagua mfereji, kisha nyufa za mfinyanzi, mwisho ncha za ukuta. Yakivuja chini ya ukuta huku bomba likipungua, msingi haukufika pagumu, na kupiga plasta kwa nje hakusaidii. Fukua, ushushe msingi. Na hata yakitoka meupe kabisa, maji ya kunywa yachemshe au yatie klorini, maana dumu lenyewe huenda likawa chafu kuliko chemchemi.