Kompyuta ya zamani inajizima ikiwaka? Shika saa kabla hujashika CD

Wiki mbili hazipiti bila mtu kuniletea mashine ya Windows XP au Windows 7 hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na kuniambia, "Fundi, nipigie Windows upya, inazimika." Mimi huanza kwa kukataa. Mara nyingi Windows haina kosa, na ukiipiga upya juu ya pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) iliyochoka, itazimikia katikati ya kazi na faili za mteja zitakwenda na maji.

Najua, Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 2014 na Windows 7 Januari 2020. Lakini mwenye duka aliye na programu ya hesabu ya miaka hiyo na printa ya riboni hatahama leo kwa sababu fundi kasema.

Hatua ya 1: Pima muda

Chomoa printa, flashi na kila kitu kingine, ubakishe skrini, kibodi na mausi. Washa huku ukitazama saa. Rudia mara tatu, uandike kila mara imezimika sekunde ya ngapi na skrini ilikuwa ikionyesha nini.

Tazama pia namna inavyokufa. Ikikatika ghafla, feni kimya, kama stima imepotea, shuku umeme au joto. Ikijiwasha tena yenyewe baada ya nembo ya Windows, huenda mfumo umeanguka na kujianzisha upya, maana ndivyo ulivyopangwa ufanye.

Hatua ya 2: Iache ndani ya BIOS

Washa, bonyeza Delete au F2 kulingana na mashine, uingie BIOS, yaani ile menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe inayokuja kabla ya Windows, na uiache hapo dakika 20. Windows bado haijaguswa. Ikizimika hapo, weka CD ya Windows kando.

Imezimika baada ya sekunde nne au tano tu? Angalia kitufe cha kuwashia. Mimi niliwahi kupoteza nusu siku na mashine iliyotoka Likoni, nikabadilisha pawa saplai bure, kumbe kitufe kimeshika kutu ya chumvi na kubaki kimedidimia. Kompyuta hudhani mtu amekishikilia, na kukishikilia sekunde nne ni amri ya kuzima. Mashine ikishawaka, chomoa waya mwembamba wa kitufe kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine. Ikiendelea kuwaka, umempata mwizi.

Ikizimika baada ya dakika kadhaa, fungua ukurasa wa BIOS unaoonyesha joto la prosesa. Likipanda kuelekea nyuzi 80 au 90 huku mashine haifanyi kazi yoyote, ni joto. Vumbi letu la pwani halipeperuki. Unyevu huligandisha kwenye mapezi ya kipoza joto likawa kama blanketi. Chomoa umeme, ling'oe kwa brashi kavu, kisha piga blowa huku umezuia feni kwa kidole. Futa pesti ya zamani ya prosesa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi. Usipake kama siagi.

Hatua ya 3: Pawa saplai

Hapa ndipo wengi huponyokwa. Mashine inakaa BIOS saa nzima bila shida, inafika nembo ya Windows, inakata. Mteja anasema ni Windows. Ukiiwasha kwa "Safe Mode", yaani Windows ya vitu vya lazima tu, inakubali, na fundi naye anasema ni Windows. Lakini Windows inapopanda, diski hufanya kazi kwa nguvu, na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha huiamsha kadi, nayo huvuta umeme zaidi. "Safe Mode" huiendesha kadi hiyo kwa draiva ya kimsingi tu. Kwa hivyo kukubali kwake hakuisafishi pawa saplai.

Chukua mita, iweke kwenye volti za DC. Tafuta plagi ya pini nne isiyotumika: waya mweusi ni hasi, wa manjano ni volti 12, mwekundu ni volti 5. Pima mashine ikiwa inawaka, na usitoe macho kwenye mita wakati nembo inatokea. Manjano isishuke chini ya 11.4, nyekundu isishuke chini ya 4.75. Ikiporomoka sekunde ile ile mashine inapokata, badilisha pawa saplai nzima. Usiifungue: ndani hubaki umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Ukiweka ya mtumba, angalia swichi ndogo nyekundu mgongoni. Ikisoma 115, isogeze hadi 230 kabla ya kuchomeka ukutani. Stima yetu ni volti 240, na mlio utakaousikia hautaupenda.

Mulika pia kapasita, vile vipipa vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Zilizovimba kichwa au kuvuja uji wa kahawia ni ugonjwa wa mazabodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo Windows

Washa, na kabla nembo haijatokea, gonga F8 mfululizo. Chagua "Disable automatic restart on system failure". Sasa skrini ya buluu itasimama uisome badala ya kupita kama umeme wa radi.

Namba ya kosa ninayokutana nayo sana kwenye XP ni 0x0000007B. Betri ya BIOS, ile ya duara CR2032, ikifa, mipangilio hurudi ya kiwandani na diski huhamia AHCI, namna mpya ya kuongea na diski ambayo XP haina draiva yake. Dalili ni tarehe iliyorudi nyuma miaka mingi. Weka betri mpya, ingia BIOS urudishe diski kwenye IDE, ile namna ya zamani, weka tarehe. Windows iko pale pale, salama.

Ukiona 0x00000024 au 0x000000ED, shuku diski. Usikimbilie chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski! Kwanza itoe diski, iunganishe kwenye mashine nyingine, unakili faili za mteja. Ikiwa inagonga tik-tik, nakili upesi na uitafutie mrithi. Ndipo uwashe kwa CD ya XP, ubonyeze R, uandike chkdsk /r. Kwenye Windows 7, tumia "Repair Your Computer" katika menyu ya F8.

Kama hakuna skrini ya buluu na mita haionyeshi kosa, washa kwa flashi ya Linux nyepesi. Nayo ikikata, kagua RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) kwa programu ya MemTest86+, ukijaribu kijiti kimoja kimoja.

Hatua ya 5: Kabla ya kumpigia mteja simu

Iwashe mara tano asubuhi ikiwa baridi, kisha mara tano alasiri, mfuniko umefungwa na feni ya dukani imezimwa. Fungua eventvwr, daftari la matukio la Windows, sehemu ya System, utafute namba 6008. Huandikwa mashine ilipokufa bila kuzimwa. Ikitokea yenye saa ya leo baada ya matengenezo yako, fungua mfuniko tena.