Kutibu na Kuzuia Kuoza kwa Mbao za Paa Dodoma

Kwa kuwa mvua za Dodoma hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, mwezi wa Mei ni wakati mzuri wa kupanda darini na kukagua kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, hasa pale zinapokalia ukuta. Choma mbao kwa bisibisi: iliyo nzima hukataa, lakini iliyooza huimeza ncha, na mara nyingi hupasuka vipande vidogo vya mraba vya rangi ya kahawia.

Kuvu inayoozesha mbao huhitaji unyevu unaozidi takriban asilimia 20, hivyo usishike msumeno kabla ya kuziba bati linalovuja, kwani mbao mpya chini ya tundu lile lile itaoza vilevile. Tegemeza kenchi kwa miti imara, kisha ukate sehemu iliyooza pamoja na sentimita 30 hivi za mbao inayoonekana nzima, maana nyuzi za kuvu hutangulia mbele ya uozo unaoonekana. Unga kwa mbao kavu iliyotiwa dawa, na kila ncha uliyoikata uipake dawa upya. Mafundi wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye kuamua. Acha pia matundu ya hewa kwenye silingi bodi.